Wakili Naye Hushtakiwa: Somo la Fatma Karume kwa Watoto wa Chovai



Juma hili tunataka kuzungumza habari ya mawakili, na tunaanza na jambo la nyumbani. Shangazi yake mmoja wetu alizaliwa Chovai. Baada ya kuhangaika miaka mingi alifika nchi moja ya Ulaya akaomba hifadhi. Akapewa wakili. Wakaongea muda mfupi, mkalimani yuko kwenye simu, sauti inakatika. Wakili akaandika maelezo, shangazi akatia sahihi karatasi asizoweza kuzisoma.

Siku ya mahojiano akaulizwa habari za Chula. Mitaa ya Chula, visima vya Chula, wazee wa Chula. Yeye akajibu anavyojua: ya Chovai. Ofisa akaandika kwamba huyu mama hakijui kisiwa anachodai ni kwao. Ombi likakataliwa.

Miaka ilipita ndipo familia ikajua kilichotokea. Maelezo yake yalifanana karibu neno kwa neno na ya mteja mwengine wa wakili yule yule, mtu wa Chula kweli. Wakili alichukua karatasi ya zamani akabadilisha jina. Chovai na Chula ni visiwa jirani. Kwa mtu wa ofisini tofauti yake ni herufi chache tu. Kwa shangazi ilikuwa miaka saba ya maisha yake.

Tulipomuuliza, "Shangazi, mbona hukumshtaki?" akacheka. "Mwanangu, wakili ndiye anayeshtaki watu. Yeye atashtakiwa na nani?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike. Maanake jibu lipo, na lina historia ndefu, na historia hiyo ina pande mbili.

Kwanza, kwa nini sisi hasa

Wengine watasema wakili ni wa matajiri. Kwetu Wabajuni si hivyo. Sisi tumezoea kuamuliwa na karatasi zilizoandikwa mbali. Kismayu iliwahi kuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, kisha ikawa ya Waingereza pamoja na Jubaland yote. Mwaka 1925 Waingereza wakaikabidhi Jubaland kwa Waitalia. Watu waliokuwa wakivua bahari moja na kuoana visiwa kwa visiwa wakajikuta wengine ni wa Kenya na wengine ni wa Somalia. Hakuna mvuvi wa Chovai aliyeulizwa.

Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, vita vikafika kwetu. Wazee wetu wakapanda mashua wakaelekea kusini: Lamu, Malindi, Mombasa. Wengi walikaa kambi ya Jomvu. Kambi za Pwani zilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1990, wengine walirudishwa visiwani, wengine wakaenda mbali zaidi.

Waliofika Ulaya walikutana na swali geni: "Wewe ni Mbajuni kweli?" Uingereza, kwa mfano, kesi za Wabajuni zilifika mpaka mahakama za juu kwa sababu ya lugha. Mtu alirekodiwa akizungumza, sauti ikapelekwa kwa kampuni ya Uswidi iitwayo Sprakab, kampuni ikasema huyu anatoka huku au anatoka kule. Sasa kijana aliyekulia Jomvu, Kiswahili chake kina Mombasa ndani yake, atafanyaje? Mwezi Mei 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi mbili za waombaji waliosema wametoka Somalia, ilisema kwamba mchambuzi wa lugha abaki kwenye ujuzi wake, asianze kuhukumu kama mtu ni mkweli au mwongo. Maneno hayo hayakushuka kutoka mbinguni. Kuna mawakili waliosimama wakayadai.

Kwa hiyo kwetu wakili ndiye mtu anayebeba jina la kisiwa chako mpaka mbele ya hakimu. Akilibeba vibaya, umepotea. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wakili anavyoshtakiwa

Kila nchi iliyotuzunguka ina kanuni za maadili ya mawakili. Maneno hutofautiana, lakini kiini ni kile kile: atunze siri ya mteja, asile fedha ya mteja, asitumikie pande mbili zinazogombana, asiidanganye mahakama, afanye kazi aliyolipwa na kwa wakati. Akivunja, kuna mahali pa kumpeleka.

Kenya, Sheria ya Mawakili imeweka hatua mbili. Kuna Tume ya Malalamiko Dhidi ya Mawakili, ambayo hupokea malalamiko bila kumtoza mtu ada. Ikiona kosa ni zito, jambo hupelekwa kwenye Jopo la Nidhamu. Jopo linaweza kumpa wakili onyo, kumtoza faini, kumsimamisha kazi kwa muda usiozidi miaka 5, au kumfuta kabisa kwenye orodha ya mawakili. Linaweza pia kuamuru mteja alipwe fidia. Tanzania Bara kuna Kamati ya Mawakili. Uingereza kuna baraza la nidhamu lake. Kwa hiyo shangazi, atakayemshtaki wakili ni wewe.

Na mambo haya hufanyika kweli, hata kwa wakubwa. Phil Shiner alikuwa wakili maarufu Uingereza, aliyewatetea Wairaki waliosema wameteswa na wanajeshi. Alipewa tuzo, akasifiwa. Lakini ikaja kujulikana kwamba kulikuwa na mtu aliyelipwa kumtafutia wateja huko Iraq. Yaani dalali. Februari 2017 baraza la nidhamu likamfuta uwakili kwa kukosa uaminifu. Mwaka 2024 akakiri mahakamani makosa ya udanganyifu.

Sisi kesi hii inatuuma kidogo, kwa sababu waliosema wameteswa walikuwa watu kweli, na wapo walioumia kweli. Wakili alipoharibu jina lake aliharibu na kesi zao. Ndiyo maana dalali anayekufuata kambini na kukwambia "nakujua wakili mzuri, lipa kwangu" ni wa kuogopwa, hata kama anazungumza lahaja yako.

Upande wa pili wa kisu

Hapa ndipo wengi huishia. Mawakili wabaya waadhibiwe, basi. Lakini kisu kile kile kinachokata jipu kinaweza kumkata mtu mzima.

Mwaka 1893 kijana mmoja wa Kihindi alikuwa melini akienda Afrika Kusini kufanya kazi ya sheria. Meli ikatia nanga Lamu. Akashuka kuangalia mji, na wakati wa kurudi maji yakawa makali, mashua yake ikashindwa kuifikia meli, akanusurika kuachwa. Watu wetu wa bahari tunaijua vizuri hali hiyo. Kijana huyo alikuwa Gandhi. Mwaka 1922, baada ya kufungwa na Waingereza kwa uchochezi, chama cha mawakili cha London alichosomea kilimfuta. Hakuwa amemwibia mteja. Alirudishwa mwaka 1988, miaka 40 baada ya kufa.

Nelson Mandela naye yalimkuta. Alihukumiwa mwaka 1952 kwa kuongoza kampeni ya kukaidi sheria za ubaguzi, na chama cha mawakili cha Transvaal kikaenda mahakamani mwaka 1954 kuomba afutwe. Jaji Ramsbottom akakataa. Hoja yake, kwa ufupi wetu: mtu huyu amevunja sheria kwa kuwapigania watu wake, lakini hakuna cha aibu wala hila alichofanya kinachoonyesha hafai kuwa wakili. Chama kikaamriwa kulipa gharama. Jaji huyo aliketi kwenye mahakama za serikali ya ubaguzi, na bado aliweza kuitofautisha hila na msimamo.

Fatma Karume

Sasa turudi kwenye bahari yetu. Fatma Karume ni Mzanzibari. Babu yake, Abeid Amani Karume, alikuwa rais wa kwanza wa Zanzibar, na baba yake, Amani Abeid Karume, alikuwa rais kuanzia 2000 hadi 2010. Mtu wa ukoo kama huo angeweza kukaa kimya akala vizuri. Yeye hakukaa kimya.

Agosti 2017 ofisi za mawakili alizokuwa akifanyia kazi Dar es Salaam zilipuliwa kwa bomu. Mwezi uliofuata Tundu Lissu, aliyekuwa rais wa Chama cha Wanasheria wa Tanganyika, alipigwa risasi nyingi Dodoma na kupona kwa kudra ya Mungu. Aprili 2018 wanasheria wakamchagua Fatma kushika nafasi ile ile. Hebu jiulizeni, wangapi wetu wangeikubali kazi hiyo wakati huo?

Mwaka huo huo wa 2018 Rais Magufuli alimteua Profesa Adelardus Kilangi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Ado Shaibu, kijana wa chama cha ACT-Wazalendo, akafungua kesi kuupinga uteuzi. Katiba ya Tanzania inataka mwenye cheo hicho awe na sifa za uwakili kwa muda usiopungua miaka 15, na mlalamikaji alidai hilo halikutimizwa. Wakili wake alikuwa Fatma Karume.

Tarehe 20 Septemba 2019 Mahakama Kuu ikaitupa kesi kwa mapingamizi ya kisheria. Lakini haikuishia hapo. Jaji Kiongozi wa wakati huo, Eliezer Feleshi, akaamuru Fatma asimamishwe kazi ya uwakili Tanzania Bara, kwa sababu ya maneno aliyoyaandika katika hoja zake, ambayo mahakama iliona yamemkosea heshima Mwanasheria Mkuu. Mwenyewe alilalamika kwamba hakupewa nafasi ya kujieleza kabla ya amri hiyo. Ameingia kwenye kesi kama wakili, kesi imekwisha, yeye ndiye aliyeadhibiwa.

Zanzibar ina mahakama zake, hivyo amri ile haikumfikia kule. Lakini Bara, mlango ulifungwa. Kisha malalamiko yakapelekwa kwenye Kamati ya Mawakili. Mlalamikaji alikuwa nani? Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Na ile Kamati kwa mujibu wa sheria ilikuwa na watu watatu: jaji, mtu wa upande wa Mwanasheria Mkuu, na wakili aliyependekezwa na chama cha wanasheria. Wazee wetu walishasema kesi ya ngedere usimpelekee nyani. Hatusemi waliokaa pale walikuwa watu wabaya. Tunasema kiti chenyewe kilivyowekwa kinamtia mashaka hata mwenye nia njema.

Tarehe 23 Septemba 2020 Kamati ikamfuta kwenye orodha ya mawakili wa Tanzania Bara.

Wapo walioandika kwamba alistahili. Tuwasikilize na wao, ndiyo haki yenyewe. Walisema wakili ni ofisa wa mahakama, kalamu yake iwe na adabu, na mkubwa wa sheria akitukanwa hadharani basi mahakama nayo inadharauliwa. Hoja hiyo ina uzito. Sisi pia hatupendi wakili mwenye mdomo mchafu. Anaweza kumpotezea mteja kesi. Lakini adabu ya maneno ina adhabu zake: onyo, faini, kuamriwa aombe radhi. Kumfuta mtu ni kumuua kikazi. Adhabu ile ile anayopewa aliyekula fedha za mayatima apewe aliyeandika sentensi kali?

Fatma akakata rufaa. Juni 2021 Mahakama Kuu, mbele ya majaji watatu, ikautengua uamuzi wa Kamati wa kumfuta. Karibu miaka miwili tangu amri ya kwanza.

Kusikilizwa kwanza

Tukiziweka kesi hizi pamoja tunaona jambo moja. Sheria ya kumtia wakili adabu ni nzuri na tunaihitaji. Lakini kila mara tunapoona wakili anafutwa tujiulize mawili. La kwanza: alimdhuru mteja wake, au alimkera mkubwa? La pili: alisikilizwa kabla ya kuhukumiwa?

Shiner aliwadhuru wateja na akapewa nafasi ya kujibu. Wakili wa shangazi yetu alimdhuru mteja, na mpaka leo hakuna aliyemuuliza lolote. Fatma Karume alimkera mkubwa, na hukumu ilimtangulia. Mwovu hajaguswa na jasiri amepigwa: mambo hayo mawili yanatoka kwenye ugonjwa mmoja, wa kuangalia nani analalamika badala ya kuangalia nini kimefanyika.

Kusikilizwa si jambo la Wazungu. Tuliosoma chuoni tunakumbuka Mtume (SAW) alivyomwagiza Sayyidna Ali alipomtuma Yemen kuwa kadhi: asiamue baina ya watu wawili mpaka amsikilize wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Na Waswahili wakasema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Sisi wakimbizi tuna sababu ya ziada ya kuijali kesi ya Fatma. Mwezi Desemba 2012 serikali ya Kenya iliamuru wakimbizi wote wa mijini wahamishiwe kambini. Fikirieni familia zetu za Mombasa, watoto wako shule, baba ana kibarua, mnaambiwa fungeni virago. Kituo cha Sheria kikaenda mahakamani, na tarehe 26 Julai 2013 Jaji David Majanja akaifuta amri hiyo. Waliotusimamia siku ile walikuwa mawakili walioishtaki serikali ya nchi yao kwa ajili ya watu wasio na kura. Mawakili wakianza kuogopa kwamba sentensi moja kali itawafuta, kesi ya namna hiyo ataifungua nani?

Mambo ya kushika

Kwa vijana wenzetu. Mtu akikwambia ni wakili, hakikisha. Chama cha Mawakili Kenya kina orodha mtandaoni, unatafuta jina unaona kama ana leseni ya mwaka huu. Usitie sahihi maelezo ambayo hujasomewa kwa lugha unayoielewa, neno kwa neno. Angalia jina la kisiwa chako. Kama ni Chovai iwe Chovai. Omba nakala ya kila karatasi, na risiti ya kila shilingi. Wakili akikukosea, andika: tarehe, alichosema, ulichompa. Malalamiko hayahitaji Kiingereza cha kifalme, yanahitaji mambo yaliyotokea na ushahidi.

Kwenu wa mashirika. Mnatupa orodha ya mawakili, ahsanteni. Tupeni na ukurasa wa pili, unaosema tukalalamike wapi wakitukosea. Tena mtuhakikishie kwamba kulalamika hakutaligusa faili letu, kwa sababu hofu hiyo ndiyo inayofunga midomo ya wengi. Shangazi hakukosa ushahidi. Alidhani akimshtaki wakili, serikali itamwona mkorofi na kumfukuza.

Yule wakili wake hatumtaji hapa. Si kwa kumwogopa. Tunataka akitajwa atajwe mbele ya watu wenye mamlaka ya kumuuliza, na yeye apate nafasi ya kujibu. Haki tunayoidai kwa Fatma hatuwezi kumnyima yeye kwa kuwa tumemkasirikia.

Juzi mmoja wetu alimpigia shangazi akamsomea makala hii yote kwa simu. Alinyamaza, kisha akasema, "Basi niandikieni barua. Lakini muanze na Chovai, muandike vizuri."

Tumeanza kuiandika. Na nyinyi mliokutwa na mambo kama haya, tuambieni mlivyofanya, bila kutaja majina. Tutawasoma.